Je, mtambo huu utafikisha televisheni yetu kwenye simu bila mega?

«Jambo sana mukubwa. Mimi ni fundi kwenye televisheni ndogo ya hapa Lubumbashi. Tunaonekana kwenye dekoda za TNT, televisheni ya kidijitali ya antena, lakini vijana wengi wa mitaa yetu ya Kenya, Katuba na Ruashi hawana televisheni nyumbani, wana simu tu. Tuliweka matangazo yetu kwenye intaneti. Watu walifurahi siku mbili, kisha wakaanza kulalamika kwamba picha inakwama na mega zao za intaneti zinaisha. Sasa mfanyabiashara mmoja amemletea papa mkurugenzi wetu mtambo wa mkono wa pili, anauita mtambo wa televisheni ya simu, dola 18,000 pamoja na antena. Anasema tukiufunga kwenye mnara wetu simu zote za mjini zitashika picha bila mega, kama zinavyoshika redio ya FM. Papa mkurugenzi anataka kulipa nusu mwisho wa mwezi. Mimi nina wasiwasi ila sijui namna ya kumweleza. Simu si tayari zina antena? Kwa nini mtandao wa simu unashindwa kubeba televisheni ndogo kama yetu? Na hakuna njia ya kuunganisha mnara wetu na mtandao wa simu, vifanye kazi pamoja?»

Jambo sana, mdogo wangu. Kabla ya yote, mwombe papa mkurugenzi asitoe hata dola moja mwisho wa mwezi huu. Nitakueleza sababu polepole, maana ukishaielewa wewe mwenyewe utaweza kumweleza yeye bila kumkosea heshima. Umeuliza maswali matatu, lakini chini yake nasikia hofu moja: kwamba vijana wamehamia kwenye simu, na ninyi mnaendelea kurushia sebule zisizo na mtu. Hofu hiyo ina msingi. Dawa aliyoileta mfanyabiashara ndiyo isiyo na msingi.

Nianze na mtambo wenyewe. Kwa jinsi ulivyoueleza, karibu hakika ni mtambo wa DVB-H, kanuni ya Ulaya ya televisheni ya mkononi iliyochapishwa Novemba 2004. Haukuwa utapeli hata kidogo. Ulikuwa uhandisi mzuri sana, na inafaa uujue ulivyofanya kazi, kwa sababu mawazo yake bado yanatufaa. Televisheni ya kawaida humlazimisha mpokeaji kukaa macho wakati wote, na hilo lingemaliza betri ya simu haraka. Basi DVB-H ilikusanya picha za sekunde kadhaa za chaneli moja ikazirusha kwa mkupuo mmoja mfupi, halafu ikatumia muda uliobaki kurusha chaneli nyingine. Simu iliamka, ikameza mkupuo wake, ikalala tena, hata ikapumzisha kipokezi chake kwa takriban asilimia 90 ya muda. Juu ya hapo waliongeza kinga ya ziada dhidi ya makosa, ili mtu akipita nyuma ya jengo picha isivunjike. Na picha zilisafiri kama pakiti za intaneti, kwa hiyo simu ilipokea kipindi kutoka mnara wa televisheni huku ikitumia mtandao wa GSM au 3G kuomba ufunguo wa chaneli ya kulipia, kupiga kura, au kusoma ratiba. Muungano unaouulizia wewe, wa mnara wa matangazo na mtandao wa simu, ulikuwa tayari umefanyika wakati huo.

Kilichofuata ni habari ya kusikitisha kwa sisi mafundi. Italia ilianza huduma hiyo Juni 2006, kwa Kombe la Dunia. Mwaka 2008 Tume ya Ulaya ikaipa DVB-H baraka zake rasmi. Nokia ilitengeneza simu kama N92 na N96 zenye kipokezi ndani. Marekani, kampuni ya Qualcomm ilijenga mfumo wake wenyewe, MediaFLO, ikauzima Machi 2011 na kuyauza masafa yake kwa AT&T kwa dola bilioni 1.925. Finland, nyumbani kwa Nokia, ilizima DVB-H mwaka 2012. Ujenzi wa minara uligharimu sana, watu hawakutaka kulipia chaneli zilezile wanazoziona bure nyumbani, na simu za kioo kikubwa zilizokuja baadaye zilimzoesha mtu kuchagua video yake kwa saa yake. Watengenezaji wakakiondoa kipokezi kwenye simu.

Basi ufundi wa mtambo ule hauna ubaya. Shida ni kwamba hakuna anayeusikiliza. Mtaufunga, utawaka, wati zitatoka kwenye antena, na simu zinazouzwa leo pale soko la Kenya hazitaonyesha kitu. Hazina chombo cha kuipokea lugha ile.

Hapo ndipo linapoingia swali lako la antena, na ni vizuri umeliuliza, maana wengi wanakosea hapo. Ndiyo, simu imejaa antena: ya mtandao wa simu, ya Wi-Fi, ya Bluetooth, ya GPS. Lakini antena ni sikio tu. Nyuma ya sikio lazima kuwe na chipu inayoelewa kinachosemwa, na chipu ya 4G haielewi DVB-H wala DVB-T2, lugha ya TNT yenu. Programu ya kupakua haiwezi kuongeza chipu isiyokuwapo, hata muuzaji akiapa. Redio ya FM inashika kwenye simu nyingi za bei nafuu kwa sababu chipu yake ndogo imo ndani, na kwa sababu unachomeka waya wa kusikilizia, ambao ndio unaogeuka antena. Ukichomoa waya redio inanyamaza. Mfano wa FM alioutoa mfanyabiashara unamgeukia mwenyewe.

Hata kama simu zingekuwa na chipu, mnara wenu mmoja usingetosha. Televisheni ya nyumbani hupangwa kwa kuhesabu antena iliyo mita 10 juu ya ardhi, imeelekezwa kwenye mnara, ina vyuma vingi vya kukusanya mawimbi. Simu iko mita moja na nusu kutoka chini, ndani ya nyumba ya matofali yenye bati. Wimbi la MHz 500 lina urefu wa sentimita 60, na robo yake, sentimita 15, ndiyo antena ndogo ya maana, nayo haienei ndani ya simu. Jumlisha hasara ya kushuka kutoka juu ya paa, ya kupenya ukuta na ya antena kuwa fupi, unakaribia desibeli 40. Kila desibeli 10 ni mara kumi, kwa hiyo nguvu inayofika kwenye simu ni kama sehemu moja ya elfu kumi ya ile inayofika kwenye antena ya juu ya nyumba. Ndiyo maana waliojenga DVB-H hawakutegemea mnara mmoja mrefu. Walitawanya mitambo midogo mjini, yote ikiimba wimbo mmoja kwenye masafa yaleyale, kwa saa iliyolinganishwa na satelaiti. Mji wetu wa tambarare ungesaidia kidogo ukilinganisha na Bukavu yenye vilima, lakini bado ungehitaji mitambo mingi. Dola 18,000 zingekuwa za mwanzo tu.

Sasa swali la pili: kwa nini mtandao wa simu unaoweza kubeba maelfu ya wateja unalemewa na televisheni yenu ndogo?

Fikiria maji. Mvua ikinyesha Lubumbashi haiulizi ni nyumba ngapi zimeweka ndoo nje. Ikinyeshea nyumba kumi au laki moja, wingu ni lilelile. Huo ni mnara wa televisheni. Mtandao wa simu ni yule kijana mwenye mkokoteni wa bidoni: kila nyumba inayoagiza lazima ipelekewe bidoni lake, hata kama jirani ameagiza maji yaleyale dakika hiyohiyo. Vijana 40 wa Katuba wakifungua kipindi chenu kwa pamoja, mnara wa simu hautumi kipindi kimoja. Unatuma nakala 40 za kipindi hichohicho, kila moja kwa mtu wake.

Weka namba. Picha ya wastani ya simu hula kilobiti 500 kwa sekunde. Mnara wa simu kwa kawaida hugawa eneo lake vipande vitatu, na kipande kimoja cha 4G chenye upana wa MHz 10 kwa wastani huwagawia watu wake wote megabiti 15 hadi 20 kwa sekunde. Gawanya mwenyewe: watazamaji 30 au 40 wanakimaliza kipande kizima, kabla hujamhesabu anayepiga simu au anayetuma pesa. Siku ambayo Mazembe inacheza Kamalondo, uwanja unaochukua watu kama 18,000, jaribu kutuma picha kwenye WhatsApp ukiwa nje ya geti. Utaona mkokoteni ulivyokwama.

Upande wa mtazamaji ni mbaya vilevile. Kilobiti 500 kwa sekunde ni mega 225 kwa saa. Ibada ya saa mbili ni mega 450. Kijana aliyenunua mega za siku nzima amezimaliza kabla ya mahubiri kuisha, na hapo analalamika kuwa televisheni yenu inakula mega. Hakosei. Nasikia wakubwa wa vituo wakisema vijana hawapendi tena vipindi vya hapa nyumbani. Mimi naamini wengi wanavipenda, ila bei ya kuviona imewashinda.

Upande wenu nao una hesabu. Kituo kidogo kama chenu hakiwezi kujua ni nani aliyefunga dirisha kwa sababu ya kuchoka na nani kwa sababu ya mega. Kwa hiyo kabla hamjabadilisha vipindi, badilisheni njia ya kuvifikisha.

Njia hiyo ipo, na kanuni yake ni hii: kile ambacho wengi wanakitaka kwa wakati mmoja kibebwe na mvua, na kile ambacho mtu mmoja anakiomba kwa saa yake kibebwe na mkokoteni. Wahandisi wa dunia wamejaribu kuviunganisha viwili hivyo kwa namna kadhaa. Japani ilifanya kwa akili sana: tangu Aprili 2006 chaneli ya televisheni ya kidijitali iliyokatwa vipande 13 iliachiwa kipande kimoja, cha katikati, kwa ajili ya simu. Mnara uleule, kipindi kilekile, bure. Ilipendwa kwa miaka mingi. Baadaye mitandao ya 4G ilipewa uwezo wa kunyesha yenyewe: minara ya simu ya eneo zima inarusha kitu kimoja kwa pamoja, simu zote zinakunywa. Kampuni ya simu KT ya Korea Kusini iliianza kibiashara Januari 2014. Inataka mwenye mtandao atenge sehemu ya uwezo wake na simu ziwe na programu yake, na wenye mitandao wengi hawakuona faida. Mrithi wake ni 5G Broadcast, ambayo huruhusu mnara mrefu wa televisheni kuzungumza lugha ya simu, hata kwa simu isiyo na kadi. Imejaribiwa Bavaria na kwingineko Ulaya. Ifuatilie, lakini usiijengee bajeti, maana simu za kuipokea bado haziko mikononi mwa watazamaji wenu.

Kama simu haina ndoo ya kukingia mvua, basi tuiweke ndoo mahali pengine. Hili ndilo jibu langu la kweli kwako, na nakuomba ulisome taratibu.

MultiChoice waliwahi kuuza barani kwetu kifaa kidogo kiitwacho Drifta. Kilipokea matangazo ya DVB-H, kisha kikayagawa kwa Wi-Fi kwa simu na kompyuta zilizokuwa karibu. Simu haikuhitaji chipu ya televisheni, ilihitaji Wi-Fi tu, ambayo kila simu janja inayo. DVB-H imekufa, wazo la Drifta liko hai. Ninyi mko tayari kwenye TNT, yaani DVB-T2. Chukua antena nzuri, ifunge juu ya paa la ukumbi, shule, kinyozi, duka la kuchajisha simu au parokia. Chini yake weka kompyuta ndogo yenye kipokezi cha DVB-T2 na kisanduku cha Wi-Fi. Raspberry Pi ina kibao chake cha kupokea TNT tangu 2018, na programu ya bure Tvheadend inaifanya kazi hiyo ya kupokea na kugawa. Kijana anaingia uani, anaunganisha simu, anafungua ukurasa, anaona kituo chenu. Hakuna mega hata moja iliyotumika, na mtandao wa simu haukuguswa. Mvua imeingia kwenye tangi la uani, na kila mtu anachota kwa kikombe chake.

Mwaka jana tulifunga kimoja kwenye ukumbi wa parokia, na nikajifunza jambo nitakalokuepushia. Nilifikiri: kwa kuwa wote wanaangalia kitu kimoja, nitume nakala moja tu ndani ya Wi-Fi, simu zote ziisikilize. Kwenye karatasi ni sawasawa. Ukumbini picha ilikatika vipande. Wi-Fi inapotuma kwa wote huteremka hadi kasi yake ya chini kabisa ili hata aliye mbali asikie, tena haisubiri kuambiwa kama pakiti imefika, kwa hiyo iliyopotea imepotea. Tuliporudi kumtumia kila mtu nakala yake ndani ya ukumbi, picha ikatulia. Ndani ya Wi-Fi mkokoteni hauna tatizo, kwa sababu safari ni ya mita 20. Punguza picha hadi megabiti moja kwa sekunde, tumia bendi ya GHz 5, na panga simu 25 hadi 30 kwa kisanduku. Wakizidi, ongeza kisanduku cha pili kwenye chaneli nyingine.

Mambo mawili yatakukwamisha usipoyaangalia mapema. La kwanza ni namna picha yenu ilivyofungwa: ikiwa inarushwa kwa MPEG-2 ya zamani, simu nyingi hazitaifungua vizuri na ile kompyuta ndogo itahangaika kuigeuza. Iwe H.264, namna mpya zaidi ya kuifunga picha. La pili ni kufuli. Kama mwenye mtambo wa TNT anafunga chaneli zote kwa kadi, kipokezi chako kitaona giza. Kaa naye, mwombe chaneli yenu iachwe wazi. Ni yenu, mna haki ya kuomba. Na usigawe chaneli za wengine kupitia kisanduku hicho hata watu wakikusihi, maana hapo utakuwa umeingia kwenye mali ya watu.

Umeme wa SNEL ukikatika, kompyuta ndogo na Wi-Fi havifiki wati 15 kwa pamoja. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 50, ukiitumia nusu tu ili isife haraka, inakupa zaidi ya saa 15. Kwa makadirio yangu seti nzima, pamoja na antena na betri, haifiki dola 400. Kwa pesa ile ya mtambo mngefunga zaidi ya 40. Sisemi mfunge 40. Fungeni visanduku vitatu, kimoja Kenya, kimoja Katuba, kimoja Ruashi, mhesabu kwa miezi miwili ni simu ngapi zinaingia kila jioni.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba inamfikia mtu mahali kilipo kisanduku tu. Kijana aliye kwenye basi haoni kitu. Kwa huyo bado unahitaji intaneti, ila uirekebishe. Mpe ngazi tatu: sauti peke yake kwa kilobiti 32, picha ndogo kwa 250, na ile ya 500 kwa mwenye uwezo. Sauti kwa kilobiti 32 hula mega 14 na kidogo kwa saa, na mtu anayefuatilia habari au mahubiri hahitaji zaidi. Hakikisha ukurasa unaanzia ngazi ya chini, mtu apande mwenyewe akitaka, kwa maana programu nyingi huanza na picha kubwa kimyakimya na kuchoma mega za mtu asiyejua. Baada ya kipindi, kateni dakika tatu zilizo nzuri kuliko zote. Kwa kilobiti 400 ni mega 9 tu, zinapita kwenye WhatsApp, na mtu mmoja akizipakua anaweza kuwapa wenzake kumi kwa Bluetooth bila kulipa tena. Na muulizeni anayewapa intaneti kama ameunganishwa na LUBIX, kituo cha kubadilishana intaneti cha hapa mjini. Seva yenu ikikaa hapa, video ya kutoka Lubumbashi kwenda Katuba haina sababu ya kuzunguka nchi za mbali na kurudi.

Na FM, mdogo wangu, msiidharau. Ndiyo matangazo pekee ambayo simu ya bei ndogo inayapokea bila kuomba ruhusa kwa mtu. Zungumzeni na redio moja ya jirani, irushe sauti ya habari zenu za jioni kwa saa ileile. Msikilizaji anasikia bure kwenye FM, anajibu kwa SMS au kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, nanyi mnausoma hewani. Huo nao ni muungano kamili wa mnara na mtandao wa simu: wingi unashuka kwa mvua, sauti ya mmoja inapanda kwa simu. Jihadharini na saa tu. FM hufika papo hapo, TNT huchelewa sekunde chache, na intaneti yenye vipande vya sekunde sita huchelewa sekunde 20 au zaidi. Mkifungua kura, funga mlango wake baada ya aliye nyuma kuliko wote kusikia swali, la sivyo mtazamaji wa simu ataona amedhulumiwa.

Kuna kazi ambazo siwezi kukufanyia kwa maandishi. Kabla ya kuamua sehemu za visanduku, tafuta mhandisi mwenye kipima-mawimbi, azunguke nawe mahali kumi, juu ya paa na ndani, asome nguvu na ubora wa mawimbi yenu ya TNT. Kitivo cha Polytechnique cha UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ni pa kubisha hodi, mara nyingine mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anahitaji kazi kama hiyo kwa utafiti wake. Jambo lolote la kurusha kwenye masafa mapya, hata kwa majaribio ya siku moja, lianzie ARPTC, mamlaka ya kusimamia mawasiliano ya simu na masafa. Sheria ya mawasiliano ya Novemba 2020, nambari 20/017, haimruhusu mtu kuwasha mtambo kwa sababu tu ameununua. Ya vipindi na mabadiliko ya huduma yapelekeni CSAC, baraza linalosimamia redio na televisheni. Na nakusihi, mtu asipande mnara wenu kufunga kitu kabla fundi umeme hajakagua waya wa ardhini. Mvua za Novemba hadi Aprili za hapa kwetu huja na radi kali, na mnara usio na ardhi nzuri huua mtu, si mitambo tu.

Kwa papa mkurugenzi, usiende na maneno kama haya yangu yote. Nenda na ombi moja. Mwambie: «Papa, tumwombe mfanyabiashara alete mtambo wake uwashwe kwa nguvu ndogo ndani ya chumba, ukiwa umefungwa kwenye mzigo wa majaribio ili usirushe nje, na waya mfupi wa kuonja mawimbi. Mimi nitanunua simu mpya sokoni, atuonyeshe picha juu yake. Ikionekana, tulipe.» Chumba kidogo kinafuta hesabu yote ya umbali, ukuta na paa, kinabaki kitu kimoja tu, kama simu ina chipu. Mfanyabiashara mkweli ataelewa. Akisema simu inahitaji kwanza kuongezewa kifaa, muulize kifaa hicho kinauzwa wapi na kwa bei gani, kisha zidisha kwa idadi ya vijana wa Katuba.

Kama papa bado anapenda ule mtambo, kuna kipande kimoja chenye thamani. Sehemu ya kukuza nguvu, ikiwa ni ya UHF, masafa ya televisheni, ni nzima, na inafika kwenye chaneli yenu, inaweza kufungwa nyuma ya kichwa kipya cha DVB-T2, sehemu inayotengeneza mawimbi yenyewe, na kutumika kama akiba au kwa kijiji kilicho kivulini, baada ya ARPTC kukubali. Kwa kazi hiyo haifai dola 18,000. Mwombe muuzaji karatasi ya mtambo: masafa yake, wati zake, saa ulizokwisha kufanya kazi, na namba ya toleo. Nitumie karatasi hiyo pamoja na chaneli mnayorushia na aina ya picha yenu, H.264 au MPEG-2, nikuambie kipande hicho kina thamani gani kabla ya mwisho wa mwezi.